Kwa nini "tell me" ni sahihi ilhali "explain me" si sahihi: vitenzi vya kupa vya Kiingereza na yambwa zake mbili

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimefundisha Kiingereza katika shule ya sekondari kwa miaka mingi, na kosa nililolisahihisha mara nyingi kuliko jingine lolote halihusu nyakati wala umoja na wingi. Ni sentensi fupi inayotoka kwa mwanafunzi mwenye adabu aliyenyoosha mkono kwa sababu anataka kujua: "Teacher, explain me this question." Kwa muda mrefu nilimjibu kwamba hapo pana upungufu wa neno "to", naye akaandika, akakariri, na wiki iliyofuata akaniletea daftari lenye sentensi "Tell to me the answer." Hapo nikatambua kwamba kosa halikuwa limeondoka, lilikuwa limehama tu, na aliyelihamisha ni mimi, kwa kutoa kanuni bila kueleza inatumika wapi na inakoma wapi.

Nimeandika uzi huu kwa ajili ya walimu wenzangu na wanafunzi wanaoshangaa kwa nini vitenzi viwili vyenye maana zinazokaribiana havikubali sentensi ya muundo mmoja. Nitajaribu kuonyesha kwamba chanzo cha tatizo ni uzuri wa lugha yetu wenyewe: Kiswahili humpokea mpokeaji ndani ya kitenzi, tena kwa njia iliyo wazi kwa karibu kila kitenzi, ilhali Kiingereza hutoa ruhusa hiyo kwa baadhi ya vitenzi na kuvinyima vingine, na hakiweki alama yoyote kwenye kitenzi ya kuonyesha kipi kimeruhusiwa.

Tuanze nyumbani. Mtu akisema "Nilimpa mtoto kitabu", mtoto amekwisha kuingia katika kitenzi kupitia kiambishi "m" hata kabla hajatajwa kwa jina lake. Mtoto ndiye yambwa tendewa, yaani mpokeaji, na kitabu ndicho yambwa tendwa, yaani kitu kinachotolewa. Wenzetu wa Kenya huviita shamirisho kitondo na shamirisho kipozi. Hakuna Mswahili atakayesema "nilipa kitabu kwa mtoto", kwa kuwa "-pa" haiwezi kusimama bila mpokeaji wake, na atakayesikia "nilipa" atafikiria habari ya malipo. Vitenzi vingine havina mpokeaji kwa asili yake, lakini tunao mlango mmoja mpana wa kumwingiza, nao ni kauli ya kutendea. Leta huwa letea, nunua huwa nunulia, pika huwa pikia, fungua huwa fungulia, rudisha huwa rudishia, shika huwa shikia. Mtoto wa miaka minne anaupita mlango huo bila kufundishwa, na haulizi kama kitenzi fulani kinaruhusiwa au la.

Kiingereza hakina mlango huo. "Buy" hubaki "buy", awe ananunua kwa ajili yake au kwa ajili ya mamaye. Kinachobeba maana ni mpangilio wa maneno, na mipangilio ni miwili. Katika ule wa kwanza mpokeaji hufuata kitenzi moja kwa moja, kisha hutajwa kitu: "She gave the child a book." Katika ule wa pili kitu hutangulia na mpokeaji huja mwishoni akiwa ameshikwa mkono na kihusishi: "She gave a book to the child." Mwanafunzi wetu akiuona ule wa kwanza huufurahia mara moja, kwa sababu ni "Alimpa mtoto kitabu" neno kwa neno. Furaha hiyo ndiyo inayomponza, maana huuchukua muundo huo na kuupeleka kila mahali ambapo Kiswahili kingetumia kauli ya kutendea. "Nifungulie mlango" huwa "Open me the door." "Nishikie mfuko" huwa "Hold me the bag." "Nirudishie kitabu changu" huwa "Return me my book." "Nipendekezee kitabu kizuri" huwa "Suggest me a good book." Sentensi zote nne zina mantiki ya Kiswahili iliyo kamili, na zote nne mwenye Kiingereza atazirekebisha: "Open the door for me", "Hold the bag for me", "Return my book to me", "Suggest a good book to me."

Sasa swali ni hili: mbona "Bring me the bag", "Buy me a book", "Send me the letter" na "Tell me the answer" zinakubalika?

Jibu la kwanza liko katika historia. Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla Wanormani hawajaitwaa Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na viambishi vya mwisho wa nomino vilivyoonyesha nani ni mpokeaji na kipi ni kitu kinachopokewa, kwa hiyo maneno yaliweza kubadilishana nafasi bila maana kupotea. Viambishi hivyo vilififia polepole katika karne zilizofuata, na mzigo wao ukabebwa na mpangilio wa maneno pamoja na neno "to". Katika kipindi hichohicho maelfu ya maneno ya Kifaransa na Kilatini yaliingia. Vitenzi vya wenyeji kama "give", "send", "tell", "lend", "bring" na "show" viliendelea na desturi yao ya zamani ya kubeba yambwa mbili zikifuatana. Wageni wengi, kama vile "explain", "describe", "donate", "contribute", "announce", "suggest" na "reveal", hawakupewa desturi hiyo; wao humtaka mpokeaji aje na "to".

Bila shaka hatuwezi kumtaka mwanafunzi wa kidato cha kwanza ajue asili ya kila neno. Hata Mwingereza wa kawaida haijui. Lakini maneno hayo yana sauti inayosaidia. Mengi ya yale yanayokubali yambwa mbili ni ya silabi moja, au ya silabi mbili yenye mkazo katika silabi ya kwanza, kama "offer" na "promise", ambayo ingawa asili yake ni Kilatini yamekubaliwa kama wenyeji. Mengi ya yanayokataa ni marefu zaidi au yana mkazo mwishoni: tamka "explain", "describe" na "suggest" kwa sauti na utasikia mkazo unavyoangukia silabi ya pili. Kanuni hii ina watoro wake, na ni haki niwataje: "award", "assign", "allow" na "guarantee" zina mkazo nje ya silabi ya kwanza na bado husemwa "They awarded her a prize." Kwa upande mwingine, "say" ni neno fupi la wenyeji na halikubali kabisa "Say me the truth." Hata hivyo, mwanafunzi asiyejua kitenzi fulani kinakwenda upande gani atapata msaada mkubwa zaidi kwa kukitamka kuliko kwa kubahatisha.

Jibu la pili liko katika maana, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Mpangilio wa kwanza, ule wa mpokeaji kutangulia, si njia nyingine tu ya kusema jambo lilelile. Unabeba dai kwamba anayetajwa kwanza anakipata kitu, au anakusudiwa kukipata. Ndiyo maana mtu husema "I sent a letter to London", lakini "I sent London a letter" itakubalika tu ikiwa London ina maana ya watu, kwa mfano ofisi kuu iliyoko huko. Mji wenyewe haupokei barua. Ndiyo maana pia mtu husema "The noise gave me a headache" na haisikiki vizuri kusema "gave a headache to me", kwa sababu maumivu ya kichwa hayakusafiri kutoka mahali fulani hadi kwangu, niliyapata tu. Kihusishi "to" kina harufu ya safari, na pasipo na safari hakikai vizuri. Kwa sababu hiyohiyo viko vitenzi vinavyojua mpangilio wa kwanza pekee: "It cost me 5,000 shillings", "The court fined him", ikifuatiwa na kiasi, "They charged us too much", "I wish you luck". Hakuna asemaye "It cost 5,000 shillings to me."

Na kabla sijasahau, liko neno moja ambalo peke yake limeharibu karatasi nyingi za mitihani. Kiswahili kina "azima" inayotumika kwa pande zote mbili: naazima kalamu kwako, nawe waniazima kalamu yako. Kiingereza kimegawa kazi hiyo kwa vitenzi viwili, "borrow" kwa anayechukua na "lend" kwa anayetoa, na ni "lend" pekee chenye mpokeaji. Kwa hiyo "Borrow me your pen" haina tiba ya kihusishi. Kuongeza "to" au "for" hakuiponyi. Kitenzi chenyewe ndicho kinachopaswa kubadilishwa. Mwalimu aonyeshe kwamba tofauti hiyo tunayo sisi pia katika "kopa" na "kopesha", kisha mwanafunzi ataielewa katika dakika moja.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Mchangiaji wa kwanza:

Mwalimu, shikamoo, na asante kwa somo. Mimi nilifundishwa kwamba "Give me it" ni kosa na kwamba ni lazima niseme "Give it to me." Lakini kwa maelezo yako "give" kinakubali mipangilio yote miwili. Je, niliyefundishwa nilipotoshwa?

Mwanzisha uzi:

Marahaba. Hukupotoshwa, ila ulipewa desturi ikaitwa sheria. "Give me it" husikika Uingereza, na sehemu za kaskazini na katikati ya nchi hiyo watu husema hata "Give it me" bila kihusishi chochote. Lakini katika Kiingereza sanifu "Give it to me" ndiyo inayopendelewa, na sababu yake inafaa kujulikana kwa kuwa inatawala mambo mengi zaidi ya sentensi hiyo.

Kiingereza hupenda jambo linalojulikana na lililo fupi litangulie, na jambo jipya au refu lije mwishoni. "It" ni kitu ambacho wote wawili tunakijua, tena ni neno jepesi sana, kwa hiyo halipendi kukaa mwishoni. Sasa angalia upande wa pili. Ukitaka kusema kwamba ulimpa kitabu mwanamke uliyekutana naye jana kwenye basi la kwenda Morogoro, mpokeaji amekuwa mrefu kama treni, na sentensi itakuwa nyepesi ukimweka mwishoni: "I gave the book to the woman I met yesterday on the bus to Morogoro." Mpokeaji akiwa "her" na kitu kikiwa kirefu, mpangilio unageuka: "I gave her the book you bought in Morogoro." Mwaka 2007 mwanaisimu Joan Bresnan na wenzake walichapisha uchunguzi wa mazungumzo ya simu ya Wamarekani, na walionyesha kwamba mambo kama haya, yaani urefu, kujulikana, kuwa kiwakilishi na kuwa kiumbe hai, yakichukuliwa pamoja hukuwezesha kutabiri kwa usahihi mkubwa msemaji atachagua mpangilio upi. Msemaji mwenyewe hajui kama anapima.

Kuhusu "it" nina jambo jingine la kukuonya. Sisi tukiulizwa "Umempa barua?" hujibu "Nimempa", na jibu hilo limekamilika. Kiswahili kina nafasi moja tu ya kiambishi cha yambwa katika kitenzi, na nafasi hiyo huchukuliwa na mpokeaji, kwa hiyo barua huachwa bila kutajwa na hakuna anayeikosa. Ndipo tunaposikia "Yes, I have given him", na Mwingereza hubaki akisubiri kuambiwa alipewa nini. Katika Kiingereza kitu hakiachwi kirahisi hivyo, ni mpokeaji ndiye anayeweza kuachwa, kama mtu anapotoa mchango na kusema "I gave 10,000 shillings."

Mchangiaji wa pili:

Mwalimu, umegusa jambo la nafasi moja ya kiambishi. Mimi ni Mchaga, na katika lugha ya nyumbani naweza kuingiza vyote viwili ndani ya kitenzi, mpokeaji na kitu. Tena naomba utufafanulie kauli ya kutendwa, kwa kuwa mtoto wangu aliandika "I was explained the lesson" akakatwa alama, wakati "I was told the story" ilipewa vema.

Mwanzisha uzi:

Ndugu yangu, umenifurahisha, kwa sababu lugha yako ni maarufu katika elimu hii. Joan Bresnan niliyemtaja hapo juu aliandika pamoja na Lioba Moshi, mwanaisimu mwenye asili ya Kilimanjaro, makala iliyochapishwa mwaka 1990 kuhusu yambwa katika lugha za Kibantu, na Kichaga cha Vunjo ndicho kilichokuwa shina la hoja yao. Walionyesha kwamba katika Kichaga yambwa zote mbili za kauli ya kutendea zina haki sawa: yoyote kati yao yaweza kuwa kiima cha sentensi ya kutendwa, na zote mbili zaweza kuwa viambishi katika kitenzi kimoja. Ziko lugha nyingine za Kibantu ambazo ni mpokeaji tu mwenye haki hizo, na Kiswahili kimeelekea huko. Twasema "Mtoto alinunuliwa kitabu", hatusemi "Kitabu kilinunuliwa mtoto."

Kwa sababu hiyo Mswahili haoni shida na "I was given a book." Ni "Nilipewa kitabu", na mpokeaji amekuwa kiima kama alivyozoea. Kiingereza kinaruhusu pia kitu kiwe kiima, lakini hapo mpokeaji hushikwa na "to": "A book was given to me." Zamani hata "A book was given me" iliandikwa sana, na katika maandishi ya Waingereza bado unaweza kukutana nayo.

Mtoto wako alikosea kwa sababu ileile iliyo juu ya uzi huu. Mpokeaji anaweza kuwa kiima cha kutendwa ikiwa tu kitenzi kilimkubali bila kihusishi katika kauli ya kutenda. Kwa kuwa "explain me" haipo, "I was explained" nayo haipo, na ni lazima iwe "The lesson was explained to me." Kipimo hicho ni rahisi na mtoto anaweza kukitumia mwenyewe kabla ya kukabidhi karatasi. Kuna ubaguzi mmoja wa kumwambia mapema: vitenzi vya kumfanyia mtu jambo, ambavyo vikigeuzwa huchukua "for" badala ya "to", kama "buy", "cook" na "make", vinakubali "She bought me a shirt" lakini wasemaji wengi hawaipendi "I was bought a shirt." Salama yake ni "A shirt was bought for me."

Na hilo la "to" na "for" walimu wengi hatulipi uzito unaostahili, kwa sababu "kwa" yetu inafanya kazi za vihusishi vingi. Nimeandika kwa baba, nimenunua kwa muuzaji, nimefika kwa basi: Kiingereza kina "to", "from" na "by". Njia ninayoitumia mimi ni kuuliza kama kitu kilikuwapo tayari mkononi na kikahama kwenda kwa mwingine, au kama kilitafutwa au kutengenezwa kwanza kwa ajili yake. Aliyeuza, aliyetuma na aliyekopesha walikuwa nacho: "to". Aliyenunua, aliyepika na aliyetafuta hawakuwa nacho bado: "for".

Mchangiaji wa tatu:

Huku Nairobi tunasema "M-Pesa me the money" na "WhatsApp me the photo." Hayo ni majina ya huduma, si vitenzi. Nani aliyaruhusu kuchukua yambwa mbili?

Mwanzisha uzi:

Hakuna aliyeyaruhusu mmojammoja. Yameingia kwa mlango uliokuwa wazi. Kiingereza kimekwisha kulikubali kundi zima la vitenzi vya kupeleka jambo kwa chombo cha mawasiliano, tangu "wire" na "cable" za enzi za simu za maandishi, kisha "fax", "email" na "text". Chombo kipya kinapokuja, jina lake huvikwa ukitenzi na kurithi yambwa mbili siku hiyohiyo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na ikawa chombo cha kupeleka pesa kama barua pepe ilivyo chombo cha kupeleka maandishi. Katika maandishi rasmi bado ningemshauri mwanafunzi aandike "Send me the money by M-Pesa", lakini muundo wenyewe umesimama juu ya msingi halali wa Kiingereza. Linganisha na vitenzi vya namna ya kutoa sauti, kama "whisper" na "shout": hivyo navyo hupeleka maneno kwa mtu, lakini havikubali "He whispered me the secret." Kinachotajwa huko ni jinsi sauti ilivyotoka, si chombo kilichoifikisha.

Mchangiaji wa kwanza:

Samahani Mwalimu, narudi na la mwisho. Niliibiwa simu stendi, nikaandika kwa Kiingereza "Someone stole me a phone." Rafiki yangu anayeishi Uingereza akaniuliza kwa nini nimekubali simu ya wizi. Sikumwelewa.

Mwanzisha uzi:

Pole sana kwa simu yako, mwanangu. Swali lako ndilo linaloonyesha tofauti ya lugha hizi mbili kwa uwazi kuliko mfano wowote niliotoa.

Kauli yetu ya kutendea inasema tu kwamba tendo limemgusa mtu. Haisemi kama limemfaa au limemdhuru. "Alininunulia simu" ni wema na "Aliniibia simu" ni dhuluma, na kiambishi ni kilekile. "Alinirushia mpira" ni mchezo na "Alinirushia jiwe" ni ugomvi, na kiambishi ni kilekile. Msikilizaji hupata tofauti kutokana na kitenzi na mazingira yake.

Mpangilio wa Kiingereza wenye yambwa mbili, kama nilivyosema, hudai kwamba anayetajwa kwanza anakipata kitu. Kwa hiyo rafiki yako alipoisoma sentensi yako alielewa kwamba mtu fulani aliiba simu ili akupe wewe. Ulipaswa kuandika "Someone stole my phone", au "Someone stole a phone from me." Na la jiwe ni hivyohivyo: "He threw me a stone" ina maana kwamba alikurushia ulidake, na aliyekusudia kukuumiza ni "He threw a stone at me."